Kugawanya Maembe

Zamani za shilingi yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili, ndugu wawili waligombea maembe 12 waliyopewa na bibi yao. Wakapatana kuirusha shilingi ya mama yao. Ikilala simba juu, kaka apata alama moja. Ikilala mfalme juu, mdogo wake apata alama moja. Atakayetangulia kufikisha alama tatu atayatwaa maembe yote.

Wakarusha mara tatu. Kaka akapata alama mbili, na mdogo wake moja. Mara mama akatoka ndani, akaitwaa shilingi yake, akaenda sokoni.

Kaka akasema, "Maembe ni yangu, maana nimetangulia."

"La, kaka, hujafikisha tatu. Tugawane nusu kwa nusu."

Wakapeleka shauri kwa baba yao, naye akaamua, "Alama ni mbili kwa moja. Mkubwa atwae thuluthi mbili, yaani 8, na mdogo thuluthi moja, yaani 4."

Hukumu hii yaonekana ya haki. Hata Luca Pacioli, mwanahesabu wa Italia, aliamua kwa njia iyo hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1494. Lakini ina kosa. Kama mama angalikuja baada ya kurusha mara moja tu, alama zingalikuwa moja kwa sifuri, na mdogo angalikosa hata embe moja, ingawa mchezo ndio kwanza umeanza!

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya fumbo la namna hii. Waliona kuwa la kuhesabiwa si alama zilizokwisha kupatikana, bali zile zinazosalia.

Pascal alifikiri hivi: tuseme shilingi inarushwa mara moja tena. Ikilala simba, kaka apata yote 12. Ikilala mfalme, wote wawili wana alama mbili, basi kila mmoja astahili 6. Kwa hiyo kaka ana 6 ambayo hawezi kuyakosa kwa vyovyote. Yaliyobaki 6 yaweza kuwa yake au ya mdogo wake, kwa bahati iliyo sawa. Na yagawanywe nusu. Kaka apata 9, mdogo 3.

Fermat alihesabu njia zote. Kurusha mara mbili kungetosha kuumaliza mchezo, na shilingi yaweza kulala hivi: simba na simba, simba na mfalme, mfalme na simba, mfalme na mfalme. Katika njia nne, tatu zampa kaka ushindi. Sehemu yake ni robo tatu ya 12, ndiyo 9. Mtu aweza kuuliza, "Simba akitokea kwanza, mchezo umekwisha, mbona warushe tena?" Ni kweli, lakini kuacha kurusha hakubadili kitu: simba wa kwanza peke yake ni nusu ya bahati yote, nayo ndiyo zile njia mbili za mwanzo.

Zoezi. Maembe ni 16. Kaka ana alama mbili, mdogo wake hana hata moja, na mchezo umekatizwa. Kila mmoja apewe mangapi? Fanyeni kwa njia ya Fermat, kisha mhakikishe kwa njia ya Pascal.