Safari ya Siku Sita Chalbi na Losiolo: Utalipaje Mahali Mtandao Umeisha?

Mwaka jana tulipata pancha mbili kati ya Kalacha na North Horr. Ya kwanza tulikuwa na spea. Ya pili ilituweka juani karibu saa tatu, hadi lori la mbuzi likapita na kutusaidia kufika kwa fundi. Fundi akaziba zote mbili kwa shilingi 1,500. Kwa simu nilikuwa na zaidi ya 20,000, lakini mtandao ulikuwa umepotea tangu asubuhi na mfukoni sikuwa na hata mia. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaambia watu waache kutembea na keshi! Aliyelipa ni mwongozaji wetu, kutoka mfuko wake, na hakusema neno.

Somo la leo linatokana na aibu hiyo. Ukipanga safari ya jangwani, panga malipo jinsi unavyopanga maji ya kunywa: kabla hujaondoka.

1. Ijue njia kwanza, bei baadaye

Mzunguko wa siku sita unaweza kuwa hivi:

- Siku ya 1: Nairobi hadi Marsabit kupitia Isiolo. Ni lami njia yote.
- Siku ya 2: Marsabit hadi Kalacha, mkivuka jangwa la Chalbi.
- Siku ya 3: Kalacha hadi Loiyangalani kupitia North Horr.
- Siku ya 4: Pumzika Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana.
- Siku ya 5: South Horr, Baragoi, kisha Maralal.
- Siku ya 6: Asubuhi na mapema nenda ukingo wa Losiolo, uone ardhi ikiporomoka hadi bonde la Suguta. Halafu rudi Nairobi kupitia Rumuruti na Nyahururu.

Muulize mwongozaji maswali mawili kabla ya kumtumia chochote. Swali la kwanza ni mvua. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka. Ikinyesha inageuka tope na gari linazama. Laga nazo, ile mito mikavu, hujaa ghafla hata kama mvua imenyesha mbali. Epuka Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Swali la pili ni usalama. Upande wa Baragoi na Suguta umewahi kuwa na mashambulizi ya wezi wa mifugo. Mwongozaji mzuri atakuambia hali ilivyo wiki hiyo, na atakuwa na njia mbadala, kwa mfano kurudi kupitia Laisamis.

2. Piga hesabu, kisha mchange mapema

Huu ni mfano tu wa kufundishia, kwa watu 6. Bei halisi ulizeni wenyewe:

- Land Cruiser na dereva, siku 6 kwa 18,000: 108,000
- Mafuta: 48,000
- Mwongozaji, siku 6 kwa 4,000: 24,000
- Malazi na chakula, usiku 5 kwa watu 6, 2,500 kila mmoja: 75,000
- Dharura: 33,000

Jumla ni 288,000, yaani 48,000 kwa kila mtu. Mkianza miezi sita mapema, kila mmoja anachanga 8,000 kwa mwezi. Pesa zisikae kwa laini ya mtu mmoja, hata kama ni rafiki wa tangu shule. Tumieni akaunti ya kikundi ambayo pesa hazitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja aidhinishe.

3. Lipa kwa awamu

Hapa ndipo wengi huumia. Mtu anatuma picha nzuri za ziwa, anadai nafasi zimebaki mbili, halafu anasema "Till iko na shida, tuma kwa hii namba yangu." Usitume. Kampuni za utalii hupewa leseni na TRA, kwa hivyo omba nambari ya leseni na uithibitishe. Mwongozaji naye anaweza kuwa mwanachama wa KPSGA, ambao huwapima waongozaji kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu.

Gari, mafuta na mwongozaji kwenye mfano wetu ni 180,000. Mnaweza kukubaliana hivi:

- Asilimia 30 ya kushika nafasi: 54,000
- Asilimia 50 gari likifika na mkilikagua, pamoja na spea mbili: 90,000
- Asilimia 20 mkimaliza safari: 36,000

Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Likitofautiana na jina lililo kwenye leseni, simama hapo. Ukishalipa, usifute ujumbe. Hiyo ndiyo risiti yako. Na ukikosea namba, piga simu huduma kwa wateja mara moja, kabla aliyepokea hajatoa pesa.

4. Gawa pesa mara tatu

*Kabla ya kuondoka:* lipia malazi yote yanayoweza kulipiwa mapema. Mkitaka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Marsabit, ada za KWS hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo maliza hilo mkiwa na intaneti.

*Kwa simu:* acha pesa za miji mikubwa njiani kama Isiolo, Marsabit na Maralal.

*Keshi:* toa Isiolo au Marsabit, si zaidi ya hapo. Wakala wa kijiji kidogo anaweza kuwa na mtandao lakini akose noti. Beba ndogondogo, za 50, 100 na 200, maana muuza chai hatakuwa na chenji ya elfu. Wagawieni watu wawili au watatu, zisikae mfuko mmoja.

Zoezi la wiki hii

Chukua safari yoyote unayoiwazia. Andika kila malipo, kisha kando yake weka herufi moja: K ya kabla, S ya simu, T ya taslimu. Kama hakuna T hata moja, rudia hesabu yako.

Na ukifika North Horr na pesa mfukoni, mlipe fundi mwenyewe. Mwongozaji mnunulie soda.

Kumbuka: hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN yako.