Bima Imekulipa, Mbona Bado Inamfuata Aliyekugonga?

Tuseme uko Thika Road, karibu na Roysambu, foleni imesimama. Matatu inakugonga kwa nyuma. Bampa imekunjika, buti haifungi. Kabla hujapata hata nguvu ya kukasirika, dereva ameshakuja dirishani: "Boss, tusisumbuane na polisi. Nipe namba yako nikutumie elfu kumi na tano, tumalizane hapa hapa."

Simu iko mkononi. Hapo ndipo watu wengi huharibu mambo, hasa wenye bima kamili, ile inayolipia hadi gari lako mwenyewe.

Ukiwa na bima hiyo, kampuni yako inaweza kukutengenezea gari bila kungoja mwenye matatu akubali kosa. Tuchukue mfano wa bili ya KSh 180,000. Wewe unachangia kiasi mlichokubaliana kwenye mkataba, kampuni inamalizia. Lakini hasara ilisababishwa na mtu mwingine, kwa hiyo kampuni ikishalipa inachukua nafasi yako. Haki uliyokuwa nayo ya kumdai yule dereva na mwenye gari sasa inatumiwa na kampuni kurudisha pesa zake.

Kwa kawaida kampuni huanza kwa kuandika barua ya madai kwa mwenye matatu au kwa bima yake. Wakikataa, inaenda kortini, na kesi hufunguliwa kwa jina lako, si la kampuni. Usishtuke ukipigiwa simu na wakili usiyemjua akitaka utie sahihi au uje utoe ushahidi. Madai yasiyozidi KSh 1,000,000 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo. Muda wa kushtaki kwa uzembe wa aina hii ni miaka 3, na unahesabiwa tangu siku ya ajali, si siku ambayo bima ilikulipa.

Kuna jambo wengi hawalijui. Bima ambayo Sura ya 405 inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni ya kifo na majeraha ya watu wengine. Kama bima ya matatu italipia bampa yako au la, hilo linategemea mkataba wao. Isipolipa, mwenye matatu mwenyewe ndiye anayedaiwa.

Sasa turudi kwa ile elfu kumi na tano. Kampuni yako haiwezi kuwa na haki kubwa kuliko uliyokuwa nayo wewe. Ukiandika "tumemalizana", au ukitia sahihi karatasi ya kusema hudai tena, mwenye matatu ataionyesha korti, na ujumbe wa kutumiwa pesa utakuwa ushahidi wake. Mlango umefungwa. Na kwa kuwa mikataba mingi inakukataza kupatana na mtu bila idhini ya kampuni, bima yako inaweza kukataa kukulipa. Umebaki na elfu kumi na tano na bili ya laki moja na themanini.

Afadhali upige picha za magari yote mawili na namba zake, uchukue jina la kampuni ya bima kwenye stika ya matatu, uripoti polisi upate namba ya OB na baadaye abstrakti, kisha upigie bima yako siku hiyo hiyo. Kile kiasi ulichochangia kwenye matengenezo, waombe wakijumlishe kwenye madai. Wasipoulizwa wanaweza kudai zao tu.

Na kama pesa zilishaingia kwa simu? Usizirudishe kimyakimya wala usifute ujumbe. Iambie bima yako ni kiasi gani, kilitumwa na nani, na mlisemezana nini. Kama hamkuandikiana kwamba yameisha, mara nyingi kiasi hicho hukatwa tu kwenye malipo yako, kwa sababu hasara moja hailipwi mara mbili. Bima ya maisha haiko hivyo: familia ikilipwa, bado inaweza kumshtaki aliyesababisha kifo, na kampuni haiji kudai sehemu yake.