Kung'oa chipu ya PlayStation bila kung'oa bodi

Ukiokota PlayStation ya kwanza iliyotumika, ile ya kijivu, kuna uwezekano mkubwa ina chipu ndani. Enzi zake gemu halisi ilikuwa ghali kupindukia, za kukopi zilijaa mtaani, na mwenye kibanda cha gemu asingeweza kuendesha biashara na mashine isiyokubali kopi. Basi mashine ikapelekwa kwa fundi redio, fundi akafungua, akachomeka nyaya zake, akafunga. Leo tuko wengi tunaotaka kuirudisha ilivyotoka kiwandani, na wengi wetu tunaiharibu siku hiyo hiyo ya kuirudisha.

Kwanza jiulize unaiondoa kwa nini. Kama sidii zako zote ni za kukopi, acha chipu ilipo, maana ukiitoa hazitacheza tena hata moja. Kama mashine inagandaganda au inaruka picha, hiyo mara nyingi si chipu, ni lenzi chafu au mtambo wa lenzi uliochoka. Modeli za mwanzo kabisa zilikuwa na reli ya plastiki iliyolika, ndiyo maana watu walikuwa wakizipindua chini juu ili zisome. Sababu ya maana ya kung'oa ni ile iliyonikuta mimi: gemu halisi, niliyoinunua kwa pesa yangu, iliniwekea maandishi kwamba programu imesitishwa na huenda mashine imebadilishwa. Sidii halisi imekataliwa, za kukopi zinacheza!

Kisa chake ni hiki. Sidii halisi ya PlayStation ina mtikisiko uliochongwa kwenye mfereji wake wa mwanzo, karibu na tundu la katikati, na mtikisiko huo unabeba herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Kompyuta ya nyumbani haiwezi kuuchonga, kwa hiyo kopi inafika mlangoni bila kitambulisho. Chipu kazi yake ni kuinong'oneza mashine herufi hizo kwa niaba ya sidii. Chipu za mwanzo zilinong'ona bila kunyamaza, muda wote mashine ikiwa imewashwa. Watengenezaji wa gemu wakaitegea mtego: gemu inauliza herufi mahali ambapo sidii haina herufi, na jibu likija, mwongo kajulikana. Chipu zilizofuata zilijifunza kusema mara moja wakati wa kuwaka kisha kukaa kimya. Yangu, ndani ya SCPH-5501 iliyotoka Marekani na inayotumia trafo ya 110 mpaka leo, ilikuwa miongoni mwa zile zisizonyamaza.

Vifaa vya kuing'oa si vingi: bisibisi ya nyota, chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba na ikiwezekana kinachopimika joto, flaksi, utepe wa shaba wa kunyonyea lehemu, kibano, wembe, mkasi mdogo wa kukatia waya, spiriti safi, kioo cha kukuzia na mita. Kwenye flaksi usibane matumizi. Mtu asiye na flaksi analazimika kukandamiza chuma, na kukandamiza ndiko kunakobandua bodi.

Sasa hatari yenyewe. PlayStation ya kijivu ina bodi ya umeme wa ukutani ndani ya ganda, na kapasita yake kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Chomoa waya, iache saa nzima au zaidi, na hata hapo usiguse bodi hiyo ya umeme wala chini yake. PSone, ile ndogo nyeupe ya mwaka 2000, haina tatizo hilo kwa sababu adapta yake iko nje na inaleta volti 7.5 tu.

Pindua mashine, toa skurubu za chini, igeuze tena na uinue ganda la juu. Mtambo wa lenzi unanyanyuka ukiwa umeshikwa na utepe mwembamba na soketi ndogo ya mota. Utepe ushike pande zote mbili karibu kabisa na soketi, uvute wima bila kuupindisha. Chomoa soketi ya umeme, toa bati za kinga, toa bodi. Chipu utaiona tu: kidude cheusi, aghalabu chenye miguu minane, kimebandikwa kwa gundi au gundi-tepe na kina nyaya nne, tano, wakati mwingine saba, zinazokimbilia huku na huko. Nyingi zilikuwa kompyuta ndogo za aina ya PIC12C508, ambazo mguu wa kwanza ni umeme na wa nane ni ardhi.

Usiguse kitu. Piga picha. Piga picha ya bodi nzima, kisha ya kila ncha ya waya kwa karibu, na uandike rangi ya waya na mahali ulipotua. Utaona kazi nyingine ni za kuhuzunisha: madonge ya lehemu makubwa kama punje ya mtama juu ya mguu ambao ni mwembamba kuliko kiberiti kilichochongwa, flaksi ya zamani imekuwa kahawia, waya mmoja umepita juu ya mwingine. Hiyo ndiyo ramani yako. Bila picha, baada ya dakika ishirini hutajua donge lipi ni la fundi na lipi ni la kiwanda.

Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunaanza kwa kushika chipu. Usifanye hivyo. Kata nyaya zote katikati kwanza, uache vipande vya sentimita moja kila upande. Chipu ikishaachana na bodi, haina tena uzito wa kuvuta vile vituo vidogo vya lehemu kwenye bodi. Gundi ya moto usiichome wala kuibandua kwa nguvu. Dondoshea spiriti pembeni yake, subiri kidogo, itaachia yenyewe.

Kisha shughulika na kipande kimoja kimoja. Flaksi juu ya donge, chuma kwenye nyuzijoto 320 hivi, gusa sekunde mbili au tatu mpaka donge ling'ae, ndipo uinue waya kwa kibano. Uinue, usiuvute. Lehemu ya bodi hizi ina madini ya risasi na huyeyuka kwenye nyuzi 183 au zaidi kidogo, kwa hiyo kama waya haujaachia, tatizo ni uchafu au ncha isiyopitisha joto. Ongeza lehemu mpya kidogo juu ya ile ya zamani, nayo italainika. Mwishoni pitisha utepe wa shaba unyonye ziada, ila usiusugue.

Waya wa nne uliniadhibu. Nilishaona nimeweza, nikauvuta ukiwa bado vuguvugu, ukaja na kipande cha shaba chenye upana wa mguu wa sisimizi. Bodi haifi kwa hilo. Nilikwangua rangi ya kijani kwa wembe mpaka shaba ya njia ile ikaonekana kama milimita mbili, nikaipaka lehemu, nikaunganisha kwa uzi wa shaba wenye vanishi uliotoka kwenye koili ya redio mbovu, nikauziba kwa rangi ya kucha. Kazi ya kurudisha asili ndiyo hii hasa. Tazama kwa kioo kama fundi wa kwanza alikata njia yoyote au aliinua mguu wa chipu ya kiwandani. Kama alikata, kung'oa peke yake kutakuachia mashine isiyowaka au isiyosoma sidii. Pima kwa mita ncha hadi ncha, na palipokatika unganisha.

Safisha flaksi yote kwa spiriti na mswaki. Weka mita kwenye mlio, pima kila kituo na majirani zake, kisha umeme na ardhi. Mlio usiokoma kati ya umeme na ardhi maana yake kuna daraja la lehemu mahali, na usiwashe mpaka ulipate.

Kuwasha nako kuna utaratibu. Washa bila sidii: ikifika kwenye ukurasa wa kadi ya kumbukumbu na kicheza muziki, bodi iko hai. Weka sidii ya muziki wa kawaida. Ikilia, lenzi na mota ni nzima, na hapo umeshavitenganisha na suala la herufi nne. Ndipo uweke gemu halisi ya kanda ya mashine yako, ubonyeze kitufe cha kurudia mwanzo, ufungue na kufunga kifuniko, kwa kuwa chipu nyingine zilishikwa kwenye njia hizo. Mwisho weka kopi. Inatakiwa ikataliwe, na mashine ikuombe sidii ya PlayStation. Yangu ilipokataa nilicheka peke yangu saa sita usiku.

Kitu kimoja hakirudi. Baadhi ya mafundi walitoboa ganda nyuma wakaweka swichi ya kuzima chipu, na tundu hilo litabaki. Chipu yenyewe itie kwenye mfuko mdogo pamoja na picha zako, na siku ukiiuza mashine mpe mnunuzi vyote viwili umweleze ilivyokuwa. Akiifungua ataziona alama za lehemu hata usipomwambia.