Kipimo cha Mvua na Mtaalamu Wake: Somo Kutoka Tengeru



Kila mwenye mikarafuu aijua hasara ya mvua ya mchoo inayozikuta karafuu zikiwa majamvini. Karafuu iliyorowa kisha ikarundikwa huvunda na kupauka, na bei yake hushuka. Kwa hiyo habari za mvua kwetu si maneno ya barazani tu, ingawa barazani ndiko zizungumzwako zaidi. Leo twataka kutazama jambo moja: mtaalamu wa hali ya hewa akikaa pamoja na watu wa kawaida wapendao kutazama mawingu na kupima mvua, nani hufaidika, na kwa njia gani?

Natutazame Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huukuta, hupanda, hupoa, na maji yake huanguka zaidi upande wa kusini na mashariki. Ndiyo sababu Tengeru pana migomba na kahawa, na huko Oldonyo Sambu, upande wa pili, nchi ni kavu. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, penye kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, hauko mbali na Tengeru. Lakini uko uwandani, na mvua yake ni haba. Basi hesabu za uwanjani haziwezi kumwambia mtaalamu mvua iliyonyesha jana shambani kwa mzee wa Kimeru aliye mteremkoni. Setilaiti humwonyesha wingu, wala si kila mara humwonyesha maji yaliyofika chini. Mzee mwenye kipimo anayo hesabu hiyo. Ila mzee naye halioni wingu lililo bado baharini.

Kuna swali ambalo mkulima huliuliza kwa hasira: "Mlisema mvua za wastani, mbona kwangu mahindi yamekauka?" Mtaalamu asiyekuwapo hawezi kulijibu. Aliyepo hueleza kwamba utabiri wa msimu ni wa eneo kubwa, nao husema lililo na nafasi kubwa ya kutokea, si ahadi kwa kila shamba. Kisha aliyepo huondoka na hesabu ambayo hakuja nayo.

Wenzetu wa Kenya wametangulia katika jambo hili. Huko Bunyore, ukoo wa Nganyi wasifika tangu zamani kwa elimu ya mvua. Kuanzia 2008 wataalamu wa hali ya hewa wamekaa na wazee hao: wazee huleta dalili za miti, ndege na wadudu, wataalamu huleta ramani na hesabu, na kabla ya msimu hutafuta kauli moja. Sisi hatusadiki kila dalili ya wazee, lakini twapenda kuwa pale hakuna aliyeitwa mjinga.

Palipo na hatari ya tufani mambo ni mengine. Tufani ya tarehe 15 Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitanguliwa na tahadhari za Mamlaka. Siku kama hizo mpenzi wa mawingu asitoe tahadhari yake mwenyewe, hata akiwa hodari vipi. Apeleke alichokiona kwa mwenye kazi.

Sasa kipimo chenyewe. Kiwekwe wazi, mbali na mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake. Mkarafuu wa mita 12 wataka mita 24. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita moja ya mraba. Siku isiyo na mvua andika 0, usiache wazi, maana aliye mbali hatajua kama hapakuwa na mvua au hukwenda kutazama. Ukikosa siku mbili, usikisie: andika jumla, na useme ni ya siku ngapi.

Wenye vipimo walete madaftari yao ofisini kila mwisho wa mwezi, nasi tutayafikisha kwa maofisa wa hali ya hewa pamoja na maswali yenu. Maswali makali pia yaandikwe.