Bluebell: Panda kwa Ajili ya Mabehewa

Kila anayefika Bluebell hukimbilia mbele kupiga picha kichwa cha treni. Mvuke na honi vinavutia, sikatai. Lakini kama reli hii ya Sussex, kusini mwa London, ingekuwa na vichwa peke yake, nisingemshauri mtu apoteze nauli yake. Uingereza imejaa reli za kihistoria zenye vichwa vya kupendeza vinavyovuta mabehewa ya chuma ya miaka ya 1950, yale waitayo Mark 1. Bluebell wana hayo pia, ila wana kitu kingine: mabehewa ya mbao yenye umri wa miaka mia na zaidi, na bado yanabeba abiria.

Yanayonishinda kuyaacha ni manne ya reli ya Metropolitan ya London, yaliyoundwa kati ya 1898 na 1900 kwa mbao za msaji. Yalimalizia kazi kwenye tawi la Chesham mwaka 1960, na mwaka uliofuata Bluebell wakayanunua. Januari 2013, reli ya chini ya ardhi ya London ilipotimiza miaka 150, yakarudishwa mjini na kupita tena kwenye mahandaki yake. Makumbusho ya Reli ya Nairobi wanalo behewa ambalo afisa wa polisi Charles Ryall aliburutwa kutoka ndani yake na simba pale Kima mwaka 1900. Ni la rika hilohilo, na kulitazama kunasisimua, lakini limesimama. Ya Bluebell yanatembea, nawe unakaa ndani.

Kwa hiyo, kabla ya kununua tiketi, uliza siku hiyo yanatoka mabehewa gani. Treni haziendi kila siku, hasa majira ya baridi, na ya mbao hayatolewi kila treni zinapotembea. Ukiambiwa ni Mark 1 tupu, badilisha tarehe. Na usiongeze hela kwa ajili ya daraja la kwanza ndani ya Mark 1; kochi ni pana kidogo, basi.

Sasa usafiri, ambao ndio unaokera. Kutoka London unapanda treni stesheni ya Victoria hadi East Grinstead, kama saa nzima hivi, kisha unatembea dakika chache tu hadi jukwaa la Bluebell. Ingekuwa rahisi kweli kama si mambo mawili. La kwanza ni tiketi. Kadi ya Oyster uliyozoea kugonga mjini haikufikishi huko, na faini ya kukutwa bila tiketi halali ni pauni 100 juu ya nauli yenyewe. Nunua tiketi ya karatasi ya kwenda na kurudi, ya saa zisizo na msongamano. Anayeishi kusini-mashariki mwa Uingereza na kusafiri mara kwa mara achukue Network Railcard, inapunguza theluthi moja ya nauli. La pili ni Jumapili. Ndiyo siku wanayopenda kutengeneza njia ya kutoka London, na abiria hupakiwa kwenye mabasi. Imewahi kunikuta: basi lilizunguka vijijini hadi treni yangu ya mvuke ikaondoka. Angalia ratiba usiku wa kuamkia safari, si wiki moja kabla.

Mwisho wa njia, baada ya kilomita kama 18, ni Sheffield Park. Ukiachwa hapo na treni ya mwisho ya kurudi East Grinstead, utalipia teksi ya kijijini, na bei yake itakuuma. Andika saa ya treni hiyo mkononi ikibidi.

Treni ya chakula cha kifahari, Golden Arrow, mimi naiona imesifiwa kupita kiasi. Utalipa fedha nyingi uangalie sahani, wakati mandhari na sauti za behewa ndivyo vilivyokuleta. Vivyo hivyo foleni ya picha za *Downton Abbey* pale stesheni ya Horsted Keynes. Tamthilia ilipigwa hapo, sawa. Piga picha moja uendelee.

Uendelee wapi? Kwenye karakana ya mabehewa, hapohapo Horsted Keynes. Kuna ujia wa juu wa watazamaji, na hapo nitakaa hata saa mbili. Mabehewa mengi ya zamani yalipostaafu yaliuzwa bodi peke yake, magurudumu na chasisi vikakatwa kuwa vyuma chakavu. Bodi zikawa nyumba, stoo, mabanda ya bustani. Miongo mingi baadaye mafundi huzikuta ndani ya kuta za watu, wakazibeba kwa lori. Kisha wanatafuta chasisi ya behewa jingine, mara nyingi la mizigo, na kuikata au kuirefusha mpaka ilingane. Fremu iliyooza hubadilishwa kipande kwa kipande, ili kila ubao mzima wa zamani ubaki mahali pake. Paa hufunikwa turubai juu ya rangi nzito. Vanishi hupigwa safu baada ya safu, kila moja ikisuguliwa kwa msasa kabla ya inayofuata. Behewa moja hula miaka. Likilazwa nje kwenye mvua ya nchi hii, kazi yote huoza tena, ndiyo maana mabanda ya kuyahifadhi ni muhimu kuliko kichwa chochote kipya. Ukiona sanduku la michango karibu na karakana, tia humo pesa ambayo ungenunulia kikombe cha ukumbusho.

Kilichonifanya niipende reli hii zaidi ni ukaidi wa watu wake. Njia ilifunguliwa 1882, ikafungwa 1955. Madge Bessemer, mkazi wa Chailey, akachimbua sheria za Bunge zilizoidhinisha ujenzi wake na kuonyesha kwamba treni zilitakiwa kuendelea kupita. Zikarudishwa 1956, hadi Bunge lilipobatilisha kipengele hicho na njia ikafungwa tena Machi 1958. Wapenzi wa reli wakaichukua, wakaanza kuendesha wenyewe tarehe 7 Agosti 1960. Ununuzi wao wa awali ulikuwa kichwa kiitwacho Stepney pamoja na mabehewa mawili, vyote kwa pauni 750.

Ukishapanda, yapo ya kujua. Haya ya Metropolitan hayana ushoroba: kila chumba kina milango yake na huwezi kupita kwenda kingine. Choo hakuna. Jisaidie stesheni, na watoto uwapeleke hata wakikataa. Kwenye mabehewa mengi ya zamani, kitasa kiko nje: unashusha kioo kwa mkanda wa ngozi na kutoa mkono. Subiri treni isimame kabisa, au mwachie mhudumu. Kabla ya handaki la Sharpthorne, lenye urefu wa zaidi ya mita 600, funga kioo, la sivyo moshi wote utaingia kwenu. Nguo nyeupe iache nyumbani.

Karibu kila unayemwona pale anajitolea. Waulize walikolitoa behewa mlilopanda. Watakueleza kwa furaha. Na kama unaishi karibu, ulizia nafasi karakanani. Hawadai uwe seremala. Wanaanza kukufundisha kupiga msasa.