Hesabu Kwanza, Gari Baadaye: Somo kwa Jamaa wa Waashi

Kazi ya uashi ni kazi ya kubeba. Kabla tofali moja halijalazwa ukutani, hapana budi saruji, mchanga, mbao, zana na watu wafike mahali pa kazi. Ndiyo sababu fundi akipata akiba hutamani gari. Lakini gari lisilofaa laweza kula faida yote ya mwiko. Yafaa tulichague kwa hesabu tulizofundishwa darasani.

Mfano wangu ni wa nyumbani. Baba yangu ni mwashi mjini Dodoma, ambako ujenzi umekuwa mwingi tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itahamia huko. Ana saidia fundi watatu. Likizo iliyopita alikusudia kutoa akiba yake ya miaka 7 anunue lori kuukuu, akisema, "Lori hubeba kila kitu." Nilimwomba ruhusa nipige hesabu kwanza, naye akanipa daftari lake la kazi.

Kwanza, tujue uzito. Mfuko wa saruji una kilo 50, basi mifuko 20 ni tani 1. Tofali la saruji lisilo na matundu, lenye urefu wa sentimita 45, kimo 23 na unene 15, lina ujazo wa sentimita za ujazo 15,525. Kila sentimita ya ujazo ina uzito wa kama gramu 2. Kwa hiyo tofali moja ni kama kilo 31. Matofali 300 yatakuwa kilo 9,300. Mchanga mkavu wa mita moja ya ujazo ni kama kilo 1,600, na ukilowa huzidi.

Pili, tutazame mzigo wa kila siku, si mzigo wa siku moja kubwa. Katika siku 26 za kazi, daftari lilionyesha siku 22 za mzigo huu: watu 4, kilo 280, saruji mifuko 8, kilo 400, zana na mbao za jukwaa, kilo 120. Jumla ni kilo 800. Siku 4 tu ndizo zilizokuwa za matofali na mchanga.

Tatu, gharama. Gari hudai bima, matairi na spea hata likisimama. Tuseme, kwa mfano tu, lori hugharimu sh. 600,000 kwa mwezi, na kukodi lori ni sh. 60,000 kwa safari. Gawanya, utapata 10. Asiyefikisha safari 10 kwa mwezi afadhali akodi. Lakini kwa ule mzigo wa kilo 800, Baba hulipa guta na nauli za watu siku 22 kila mwezi. Hapo ndipo gari lake mwenyewe litakapomsaidia.

Nne, usalama. Mtengenezaji huandika uzito wa gari tupu na uzito wote unaoruhusiwa. Toa wa kwanza katika wa pili, utajua mzigo wake, na abiria na dereva wamo katika mzigo huo. Chukua pikapu ya kilo 1,500 iliyoruhusiwa kubeba kilo 1,000. Jumla ni kilo 2,500. Tuseme ikienda kilomita 36 kwa saa, breki huisimamisha katika mita 10. Ukiipakia kilo 2,000, jumla huwa kilo 3,500. Nguvu ya breki ikiwa ile ile, itasimama katika mita 14. Mita 4 hizo zatosha kumgonga mtoto avukaye barabara. Tamaa mbele, mauti nyuma. Tena watu wasiketi juu ya mifuko ya saruji. Breki ikikanyagwa ghafula, hakuna cha kuwashika.

Basi nilimwonyesha Baba kwamba limfaalo ni pikapu ya milango minne, iliyoruhusiwa kubeba tani 1. Watu wake wataketi vitini, saruji na mbao zitakaa nyuma. Siku za matofali atakodi lori. Guta ni la bei nafuu, lakini halina viti vya watu wanne.

Baba alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Na mwakani nikipata kazi kubwa?" Nikamjibu, "Hesabu itafanywa upya, Baba." Hajanunua bado, anamtafuta makanika mwaminifu wa kukagua chesi, springi na breki kabla fedha haijatoka mkononi.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tuna wazazi mafundi. Likizo ijayo waombeni daftari la kazi, mwandike mizigo ya mwezi mmoja, mjumlishe. Na kama mzazi hana daftari, mwanzishieni moja.