Tujifunze: Kupanga Kituo cha Setilaiti Kilindoni

Mwezi Mei 2024 ulitupa somo kubwa. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia. Siku nane baadaye, tarehe 12, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikasuasua Tanzania na nchi jirani.

Kwa mtu wa Kilindoni jambo hili si dogo. Mgonjwa anayehitaji kuvushwa kwenda bara hawezi kungoja mtandao urudi. Nahodha naye anahitaji habari za upepo kabla ya kung'oa nanga kwenda Nyamisati.

Kamati ikikaa kujadili njia ya akiba, wazo la kwanza huwa ni kununua dishi. Katika somo hili tunaeleza kwa nini dishi linunuliwe mwishoni, baada ya mambo matano kupangwa.

1. Njia yote ya ujumbe

Setilaiti nyingi za mawasiliano hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786. Huzunguka sambamba na dunia, hivyo huonekana zimetulia mahali pamoja. Ujumbe kutoka Kilindoni hupanda hadi huko, hushuka kwenye kituo kikuu cha ardhini, kisha huendelea kwa nyaya. Kenya ilifungua kituo kikuu cha namna hiyo huko Longonot mwaka 1970.

Basi muulizeni muuzaji: kituo chenu kikuu kiko wapi, na kutoka hapo mnategemea nyaya zipi? Kama ni zile zile zinazobeba mtandao wa simu, mtakuwa na njia mbili zinazopita daraja moja. Daraja likivunjika, zote mbili zimefungwa. Hakikisheni pia kwamba huduma hiyo ina leseni ya TCRA.

2. Mahali pa dishi

Kilindoni iko karibu digrii 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo dishi hutazama juu sana. Kwa setilaiti iliyo digrii 60 mashariki, mwelekeo wake ni takriban digrii 65 kutoka upeo wa macho. Faida yake ni kwamba nyumba ya jirani haizibi njia. Hasara yake ni kwamba maji ya mvua yanaweza kutuama ndani ya dishi, hivyo liwe na tundu la kuyatoa.

Msiliweke karibu na minazi. Nazi moja ikianguka inatosha kuliharibu, na mnazi ulio mfupi leo kesho utaziba anga. Setilaiti za chini, zinazopita umbali wa kilomita 550 hivi, hazitulii mahali pamoja. Hizo zinahitaji anga wazi kwa upana zaidi.

Dishi lisimamishwe kwenye nguzo iliyojengewa kwa zege, si juu ya bati ambalo upepo unaweza kuling'oa. Pawe na waya wa kupeleka radi ardhini.

3. Mvua na chumvi

Mawimbi ya bendi ya Ku hutumia dishi dogo, lakini mvua kubwa huyadhoofisha. Bendi ya C huvumilia mvua zaidi, ila dishi lake ni kubwa na ghali. Mkichagua Ku, chukueni dishi kubwa kuliko lile linalotosha siku ya jua tu. Mpimeni kwa masika.

Hewa ya bahari nayo hula chuma. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na viungio vya kebo vifungwe kwa utepe usiopitisha maji.

4. Umeme

Tuchukue mfano. Vifaa vinavyotumia wati 40 mchana na usiku hula wati-saa 960 kwa siku. Kwa siku 3 za mawingu ni 2,880. Betri za asidi zisitumiwe zaidi ya nusu ya ujazo wake, kwa hiyo mnahitaji akiba ya 5,760. Hizo ni betri 5 za volti 12, kila moja ikiwa na ampea-saa 100. Kamati iliyonunua betri moja itapoteza mawasiliano usiku wa kwanza wa dhoruba, yaani saa ile ile kituo kinapohitajika.

5. Mtu na fedha

Wateueni watu wawili, si mmoja, wajifunze kusafisha, kukaza bolti na kupima betri. Wekeni fungu la malipo ya kila mwezi na la kubadilisha betri, maana huchoka baada ya miaka michache. Tunawaomba wafadhili wetu waliangalie fungu hili kwa jicho lile lile wanaloangalia dishi. Dishi lisilolipiwa huishia kuwa pambo la paa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mtandao wa simu ukizimika leo, ni ujumbe gani lazima utoke Kilindoni kwanza?
2. Ni uwanja gani una anga wazi na ulinzi, na utaendelea kuwa hivyo baada ya miaka 10?
3. Nani atalipa mwezi wa 13, baada ya msaada wa mwaka wa kwanza kwisha?

Mkiweza kujibu yote matatu kwa maandishi, mko tayari kuomba bei ya dishi.